Wanamtwara, kwa nini mzoa taka wetu huanguka kila ifikapo mwezi wa tatu? Maneno ya mshika daftari

#1 MshikaDaftari

Wakuu, habari za asubuhi.

Tangu 2018 mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha kuzoa taka kwenye mtaa mmoja hapa Mtwara mjini. Mtaa siutaji, maana tukianza kutajana humu uzi utageuka baraza la kusutana. Kikundi kimesimama mara tatu na kufufuka mara tatu. Nilikuwa nasema ni bahati mbaya, mpaka siku moja nikayatandika madaftari yote mkekani nikayasoma mwezi kwa mwezi. Mara zote tatu tulisimama kati ya mwezi wa pili na wa nne.

Mwezi wa 10 mpaka wa 12 tiki zimejaa ukurasa. Watu wanalipa mpaka madeni ya nyuma, wengine wanakuletea wenyewe mlangoni, "shika dada, usije ukanisumbua." Mwezi wa kwanza zinapungua, ada za shule zimeingia. Mwezi wa tatu ukurasa mweupe pee. Mwezi wa sita na wa saba zinarudi kidogo, kisha zinalala tena.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa hapo. Korosho mwisho wa mwaka, ufuta katikati ya mwaka. Daftari la taka linafuata minada ileile.

Na msidhani ni wakulima peke yao. Kinyozi, mama ntilie, muuza vitenge, bodaboda, mwenye vyumba vya kupangisha, wote wanakula kwenye sinia moja. Msimu wa 2018/19, ule wa korosho kilo shilingi 3,300, pesa zilipokawia kuwafikia watu, ukurasa wangu wa Desemba ulifanana na wa Machi. Kinyozi mmoja ambaye hana hata mkorosho mmoja aliniambia, "Dada, vichwa vipo, hela ya vichwa ndiyo haipo."

Sasa uangalieni huo mwezi wa tatu wenyewe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwisho wa mwaka zinatupeleka mpaka mwezi wa nne. Taka zimelowa. Kiroba ambacho kiangazi mtoto anakibeba begani, masika kinataka watu wawili. Guta linazama, tairi linachanika, mafuta yanaongezeka, safari zinakuwa ndefu kwa sababu ya kuzunguka madimbwi. Yaani kazi inapokuwa ghali kuliko miezi yote ndipo mfuko unapokuwa mtupu kuliko miezi yote. Vijana wanavumilia wiki mbili bila posho, ya tatu wanakwenda kubeba zege. Wakiondoka watu wanaanza kuchoma taka uani au kuzitupa mtaroni usiku, na ukija kufufuka mwezi wa sita huanzi na taka, unaanza na kubembeleza, na wao wanakujibu, "gari haliji, tulipe nini."

Kwa hiyo mimi nikiona tunaletewa mapipa mapya na glavu, watu wanapiga picha, najiuliza swali moja tu: Machi nani analipa mafuta? Mapipa yenyewe mnajua yanakoishia. Mapipa mazuri sana yale kwa kuhifadhia maji.

Hesabu ya mji mzima si ndogo. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 108,299, ya 2022 ikatupeleka zaidi ya 140,000. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 inaweka wastani wa kusini mwa Sahara kuwa kilo 0.46 za taka kwa mtu kwa siku. Ukizidisha kwa watu 140,000 unapata kama tani 64. Lori la tani saba linataka safari tisa na ushee, kila siku, Jumapili ikiwemo, na hapo umejifanya umesahau kwamba taka hujaza lori kabla hazijafikia uzito wake. Pa kwenda papo, dampo la Mangamba limejengwa. Kamba yetu inakatikia huku mwanzoni, kati ya mlango wa jiko na kizimba cha kukusanyia taka.

Wazo langu: ada ya masika ikusanywe msimu. Mtu alipe miezi sita kwa mkupuo Novemba, wakati anayo. Nani amejaribu?

---

#2 Kaka wa Reli

Dada salama. Umeandika vizuri lakini hapo kwenye "gari haliji, tulipe nini" umepita kwa kasi kama bodaboda anayemkwepa trafiki.

Mimi nimelipa. Nina risiti nane kwenye droo. Kati ya miezi hiyo nane mzoaji wetu alipita miezi mitano, na hata hiyo mitano hakuwa na siku. Leo Jumatatu, wiki ijayo Alhamisi saa nane mchana mama yuko kazini. Kiroba kinalala nje, mbwa wanakipasua, asubuhi mwenye kosa ni wewe. Sasa unataka nilipe miezi sita kwa mkupuo kwa mtu ambaye hana hata siku?

Nipe siku kwanza. Sema Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, piga filimbi. Ukishindwa Jumanne moja nitakuelewa. Ukishindwa tatu, rudisha changu.

---

#3 Mchokozi

Risiti nane kwenye droo! Wewe ndiye yule anayetunza na risiti za luku?

---

#4 Mtu wa Guta

Mimi ndiye huyo anayepitia kwenu, si kwa dada mwenye uzi ila kazi ni ileile. Naomba niseme jambo ambalo hakuna anayelisema: nusu ya ninachobeba ni mchanga.

Si utani. Mtwara yote ni mchanga. Mama anaamka alfajiri, anashika ufagio wa chelewa, anafagia uwanja mpaka unachorwa mistari, safi kabisa, hongera yake. Kisha lile rundo, majani ya mwembe na mwarobaini pamoja na mchanga wake, anazoa na kutia kwenye kiroba cha taka. Viroba vinne vya hivyo na guta limejaa. Sijagusa bado maganda wala pampasi. Natoka hapo nasukuma mchanga wa uwanjani kwake mpaka kizimbani, lori linaubeba mpaka Mangamba, dizeli inaungua, kwenda kutupa mchanga juu ya mchanga.

Masika ndiyo balaa. Mchanga mkavu angalau unamwagika njiani, samahani kusema. Ukilowa unakaa kama saruji.

Na makumbi ya nazi. Zamani makumbi na vifuu vilikuwa kuni, mtu hatupi. Siku hizi waliohamia kwenye gesi wanavitupa, na kumbi moja linachukua nafasi ya maganda ya muhogo ya siku nzima. Hapo jirani kuna mama anakaanga mihogo anavitafuta kwa tochi.

Kuhusu siku: Kaka wa Reli, una haki. Lakini guta moja nyumba mia mbili. Ukinitolea mchanga nitakuja siku yako.

---

#5 Babu Magengeni

Nawasoma kutoka Mikindani.

Huku kwetu hata hilo guta ni hadithi. Vichochoro vyetu vilikuwepo kabla gari halijazaliwa. Livingstone alipita hapa 1866 na nadhani njia nyingine hazijapanuliwa tangu aondoke. Ninyi wa Shangani barabara zenu ni pana kwa sababu zilichorwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, lori linageuka bila kurudi nyuma. Msitupimie kwa rula yenu.

Kinachofanya kazi huku ni mtu na toroli, tena mtu wa mtaani ambaye bibi wa kila nyumba anamjua kwa jina la mama yake. Tulikuwa naye mmoja. Alikuwa anaingia mpaka uani, anachukua, anasalimia, anaambiwa nani mgonjwa. Hakuna aliyemnyima. Alipozeeka akaletwa mgeni mwenye kitabu cha risiti na sauti kubwa, watu wakaanza kuficha taka.

Tukikosa mzoaji, taka zetu haziendi mbali. Zinashuka na maji ya mvua mpaka kwenye mikoko. Nendeni maji yakikupwa mkaangalie mizizi imevaa nini.

---

#6 Bwana Fomu

Nafanya kazi za ofisini zinazohusiana na mambo haya. Siongei kwa niaba ya mtu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na si kuzoa tu, hata kuzipunguza. Kwa hiyo mtu asidhani vikundi vinafanya hisani. Lakini jukumu ni kitu kimoja na fungu ni kitu kingine. Ripoti hiyohiyo aliyoitaja dada inasema katika nchi za kipato cha chini taka hula karibu asilimia 20 ya bajeti za miji, na sehemu nene ya pesa hiyo ni kuzoa na kusafirisha. Halmashauri ndogo ikinunua lori imemaliza, na lori ndilo linaanza kula siku hiyo.

Vikundi vingi vinakimbilia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ombeni, ni haki yenu. Ila uelewe unachokopa. Mkopo unakununulia guta. Haulipi tairi la Machi. Nimeona vikundi vinarejesha marejesho ya guta ambalo limepaki juu ya mawe.

Jingine: andikeni mkataba na mtaa, uwe na siku, njia na idadi ya nyumba. Bila karatasi, mwenyekiti akibadilika baada ya uchaguzi mnaanza upya, kama wengi walivyoanza upya baada ya ule wa Novemba 2024.

---

#7 Binti Ng'apa

Lindi hapa. Nimecheka kwa uchungu kuhusu mchanga wa Mtu wa Guta, maana kwetu tatizo ni mlima. Anayetoka pwani kupanda Mtanda na guta lililojaa tumwombee. Ndiyo maana wazoaji wanazoa za bondeni, za juu zinashuka zenyewe mvua ikinyesha. Halafu wa bondeni wanalipa ada kwa kuzolewa taka za wa mlimani. Hebu niambieni hiyo ni haki gani.

Tulichojaribu mtaani: wa juu wanaleta wenyewe hadi kituo kimoja nusu ya mteremko, ada yao nusu. Imekwenda miezi kadhaa. Iliingia doa pale wapangaji walipokataa.

Na hilo la wapangaji mbona hamligusi? Nyumba moja, vyumba sita, majiko sita, ada moja. Mwenye nyumba yuko Dar. Mpangaji wa chumba cha mbele anasema kaulize wa uani, wa uani anasema kodi yake imejumuisha taka. Mnazoa za watu sita mnalipwa ya mmoja, kama mnalipwa.

---

#8 Mama Watatu

Pampasi.

Mnazungumza majani na mchanga, sawa. Majani nina shimo nyuma ya mgomba, namwaga humo, mgomba unanishukuru. Maganda ya muhogo yanakwenda kwa mbuzi wa jirani. Vichwa vya dagaa, bata. Chupa za maji zina vijana wake, wanapita kabla sijaamka. Taka zangu halisi za wiki, zile ambazo sina pa kuzipeleka, ni pampasi na vile vifuko laini. Shimoni hazikubali, ukichoma zinatoa moshi wa kuua mtu, mtaroni ndizo zinaziba.

Kwa hiyo mzoaji akinitaka nilipe 2,000 sawa na jirani ambaye anatoa viroba vinne vya mchanga, nahisi naonewa. Nina mfuko mmoja mdogo. Ningelipa kwa furaha kama ningelipa kwa mfuko.

---

#9 Mchokozi

Mama Watatu umemaliza. Dada wa daftari, rudi ujibu, watu wamekuwekea mahakama.

---

#10 MshikaDaftari

Nimerudi, nilikuwa gengeni.

Kaka wa Reli, nakiri. Na nikiri kubwa zaidi, kwa kuwa humu hatuonani nyuso. Hilo la kulipa kwa mkupuo tulilijaribu mwaka mmoja, ndiyo maana nimeuliza nani mwingine amejaribu. Tulikusanya Novemba, watu wakatuamini, sanduku likawa zito kuliko siku zote. Desemba tukanunua sare. Tukatengeneza guta ambalo lingeweza kusubiri. Tukagawana kidogo cha sikukuu, vijana nao wana watoto. Ilipofika Februari tulikuwa tumekula Machi na Aprili. Hakuna aliyeiba. Pesa ya miezi sita ikikaa sehemu moja inaonekana kama pesa ya leo. Wale waliolipa ndio waliotukasirikia kuliko wasiolipa, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo safari hii tunafanya kama kikoba. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mmoja wao si mwanakikundi, ni mama mmoja mkali wa mtaani ambaye hata mwenyekiti anamwogopa. Ndani bahasha sita, kila moja imeandikwa mwezi. Inafunguliwa moja tu, siku ya kwanza ya mwezi, mbele ya anayetaka kuja. Mkikuta ya Machi imefunguliwa Januari mna ruhusa ya kunitangaza humu kwa jina langu kamili.

Hesabu nimeiweka hivi. Tuseme nyumba 200 kwa 2,000, ni 400,000 kwa mwezi. Hazitalipa zote, nimeshika daftari siku nyingi mno kuamini hivyo. Nikipata nyumba 80 tu zinazolipa msimu 10,000 badala ya 12,000 kwa miezi sita, nina 800,000, yaani kama 133,000 kila bahasha. Haijazi posho ya vijana wawili, lakini inalipa mafuta na tairi, guta halilali. Guta lisipolala hata huyo wa mwezi kwa mwezi anaendelea kutoa, kwa sababu ameliona likipita. Nilichojifunza ni kwamba mtu halipi kwa sababu ya risiti. Analipa kwa sababu amesikia filimbi juzi.

Filimbi: Jumanne na Ijumaa, saa moja. Tukikosa tatu ndani ya mwezi, bahasha ya mwezi huo wanarudishiwa waliolipa. Kaka wa Reli hilo nimelichukua kwako kama lilivyo, vijana wamenuna lakini wamekubali.

Binti Ng'apa, la wapangaji nilifanikiwa kwa njia moja tu: kuacha kuandika nyumba na kuandika jiko. Mlango wenye jiko lake una mstari wake kwenye daftari na ada yake ndogo kuliko ya nyumba nzima. Mwenye nyumba wa Dar nikaachana naye. Wapangaji wakianza kuona jina la jirani lina tiki na lao halina, mambo yanatengemaa yenyewe. Nalibandika ukutani penye duka. Ukali kidogo, najua.

Mama Watatu, kulipa kwa mfuko ningependa lakini naogopa. Anayelipa kwa mfuko atapunguza mifuko kwa kutupa mmoja mtaroni. Ninachoweza: anayetoa kiroba kimoja bila mchanga wala majani, ada 1,500. Anayetaka tumbebee uwanja wake, 3,000. Mchanga uwe na bei.

Babu Magengeni, shikamoo. Kuhusu sauti kubwa nimekusikia. Mkusanyaji wetu mmoja tutambadilisha.

---

#11 Babu Magengeni

Marahaba. Msimbadilishe, mfundisheni kusalimia.

---

#12 Mtu wa Guta

Mchanga uwe na bei! Dada umeniliza.

Lakini acheni niwape la kitaalamu. Kabla ya kumtoza mtu, mpe njia. Kwetu tuliwahi kuegesha chekeche la fundi ujenzi pale kizimbani, lile la wavu, unalilaza kwenye mti kama tanga. Kiroba cha fagio unakimwaga juu, mchanga unashuka, majani yanabaki. Majani makavu wa bustani za mchicha wanayachukua, wana shida nayo kweli, ardhi yetu hii bila majani haishiki maji. Mchanga ukawa unajaziwa mashimo ya barabara ileile inayotuvunjia tairi. Safari za guta zilipungua, sikuhesabu lakini mgongo wangu ulihesabu.

Liliishaje? Liliibwa. Wavu mzuri ule, nadhani sasa hivi uko kwenye banda la kuku la mtu.

---

#13 Bwana Fomu

Hilo la majani lina mashiko. Kwenye nchi za kipato kama chetu zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Kila kinachobaki uani ni dizeli ambayo haikununuliwa. Ila msiliandike kama "mradi wa mboji", mtaombwa andiko la kurasa arobaini.

---

#14 Kaka wa Reli

Dada, nyumba moja imeingia kwenye zile 80, hata kama siko mtaa wako nitalipeleka wazo kwetu. Lakini nataka kuona sanduku kwa macho.

Na chekeche ninalo. Nilijenga mwaka juzi, liko nyuma ya choo. Mnakutana lini?

---

#15 MshikaDaftari

Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi, maana watu wote wanakuwa kwenye usafi. Saa moja, nitakutumia mtaa faraghani. Njoo nalo, na njoo na mnyororo na kufuli, umemsikia Mtu wa Guta.

---

#16 Mchokozi

Na risiti zako nane usizisahau.